Nakala na Deni Lake: Uhalali wa Kunakili Muziki na Filamu

Kunakili muziki ni kutoa, katika rekodi moja, rekodi ya pili inayojitegemea. Kubadili video ni kuitoa filamu katika fomati moja na kuitia katika nyingine, ili ichezwe kwenye chombo ambacho awali kisingeweza kuisoma. Matendo haya mawili hufanywa leo na mtu yeyote mwenye simu au kompyuta, kwa dakika chache na bila gharama ya maana. Wepesi huo ndio uliozaa swali gumu la maadili: anayenakili wimbo au filamu bila idhini ya mwenyewe, je, ameiba? Dini ya Kiislamu na ya Kikristo zote zinakataza wizi bila kigugumizi. Lakini katazo hilo liliwafikia watu ambao mali yao ilikuwa mbuzi, nafaka, nguo na fedha, vitu ambavyo mwizi akivichukua mwenyewe hubaki mikono mitupu. Wimbo ukinakiliwa, mwenyewe bado anao. Amepoteza nini, basi? Na kama hakupoteza kitu, kwa nini malalamiko yake yanamgusa hata yule aliyenakili?

Jinsi nakala inavyotengenezwa

Kwa miongo kadhaa nakala ilijulikana kwa kuisikia tu. Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilihifadhi sauti kwa sumaku iliyopakwa juu ya utepe mwembamba wa plastiki. Kila utepe mmoja uliporekodiwa kutoka mwingine, mvumo wa utepe wa kwanza uliingia kwenye wa pili, nao wa pili ukaongeza wake. Kanda iliyotolewa kwenye nakala ya nakala ilikuwa na mvumo mzito, sauti za juu zimefifia na maneno ya mwimbaji hayashikiki vizuri. Uchakavu huo ulikuwa mpaka wa aina yake: aliyetaka sauti safi hakuwa na budi kununua kanda halisi.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa ushirikiano wa Philips na Sony, iliuondoa mpaka huo. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stirio, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Wimbo ukishakuwa mfululizo wa namba, kuunakili ni kuziandika upya namba zilezile, na nakala ya mia haitofautiani na ya kwanza hata kwa biti moja. Kilichobaki ni ukubwa wa faili. Wimbo wa dakika nne kwenye CD huchukua takriban megabaiti 40, mzigo mkubwa kwa kompyuta na mitandao ya miaka ya 1990. Jibu lilikuwa MP3, fomati iliyokuzwa kwa sehemu kubwa na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani. Karlheinz Brandenburg na wenzake walichunguza sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui zinapofunikwa na sauti kubwa zaidi, wakaziacha. Brandenburg aliijaribu kazi yake kwa sauti ya Suzanne Vega akiimba "Tom's Diner" bila ala yoyote, kwa kuwa sauti tupu ya mtu hufichua upesi kasoro za ukandamizaji. Matokeo yake ni kwamba wimbo wa megabaiti 40 uliweza kubebwa kwa megabaiti nne hivi, na msikilizaji wa kawaida asione tofauti kubwa.

Historia ya video ni hiyohiyo, ila ina vikwazo zaidi. VCD ilibeba dakika 74 hivi tu, ndiyo maana filamu moja iliuzwa kwa diski mbili. DVD ilibeba filamu nzima, lakini ilikuja na kufuli mbili: usimbaji wa kuzuia kunakili, na namba ya eneo la dunia ambako diski iliruhusiwa kuchezwa. Marekani ilipewa namba 1, Ulaya Magharibi namba 2, na sehemu kubwa ya Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, ikapewa namba 5. Mtu aliyenunua DVD halali London na kurudi nayo Mombasa aliweza kukuta mashine ya nyumbani inaikataa. Hapo ndipo programu za kubadili video zilipopata kazi. Programu hizo, kama HandBrake na mkusanyiko wa zana uitwao FFmpeg ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, huichambua picha na sauti, kisha huziandika upya kwa fomati ambayo chombo kilichopo kinaisoma. Kila mara filamu inapokandamizwa upya, programu huamua tena kipi kibaki na kipi kitupwe, na kitu kidogo cha picha hupotea. Kwa hiyo hata katika zama hizi nakala si zote sawa: iliyohamishwa faili kwa faili ni ileile, iliyobadilishwa fomati kwa ukandamizaji ni pungufu.

Nakala na asili

Wanafalsafa wa karne ya 20 waliuliza nakala ina cheo gani mbele ya asili yake. Walter Benjamin, Myahudi wa Kijerumani aliyeandika insha yake maarufu kuhusu jambo hili katikati ya miaka ya 1930, alisema kuwa kazi ya sanaa ina haiba inayotokana na kuwapo kwake mahali pamoja na wakati mmoja. Mashine ya kunakili huiondoa haiba hiyo, lakini papo hapo huipeleka kazi kwa watu ambao wasingeifikia kamwe. Nelson Goodman, Mmarekani, aliongeza tofauti muhimu mwaka 1968. Picha iliyochorwa kwa mkono ina asili moja tu, na nakala yake, hata ikifanana nayo kwa kila mstari, ni ya bandia. Muziki na fasihi havina bandia ya namna hiyo. Kila nakala ya shairi iliyoandikwa kwa usahihi ni shairi lenyewe, na kila upigaji wa wimbo unaofuata noti zake ni wimbo wenyewe.

Tofauti hiyo inasaidia kuliweka swali mahali pake. Anayesikiliza faili iliyonakiliwa anasikiliza wimbo wa kweli. Hajadanganywa, wala hajatengeneza sarafu bandia. Kama kuna kosa, halimo katika faili. Linapaswa kutafutwa baina ya watu: aliyetunga na kuimba, aliyelipia studio, aliyenakili, na anayesikiliza.

Kipimo cha wizi

Fikihi ya Kiislamu ina masharti makali kabla mtu hajahukumiwa kwa wizi unaostahili adhabu iliyowekwa kisheria. Kitu kilichochukuliwa kiwe mali yenye thamani inayofikia kiwango maalumu, kiwe kimechukuliwa kwa siri, na kiwe kimetolewa mahali palipohifadhiwa. Wimbo ulionakiliwa haujatolewa mahali popote, kwa hiyo sharti la mwisho halitimii. Swali la kwanza, yaani kama kazi ya utunzi ni mali, liliwagawa wanazuoni. Wahanafi wa kale walikiita mali kile kinachoweza kushikwa na kuwekwa akiba. Madhehebu mengine, likiwamo la Shafii linalofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yalihesabu pia manufaa ya kitu kuwa mali. Tofauti hiyo iliingia hata ndani ya nyumba moja: Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani hakukubali haki ya utunzi kuuzwa, lakini mwanawe, Muhammad Taqi Usmani, aliikubali. Mwezi Desemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Kuwait, lilitoa azimio kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki za wenyewe zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Ukiziweka hoja hizi pamoja, anayenakili bila idhini hafikii hukumu ya wizi, lakini anaingia katika mlango wa dhuluma, nao haukuwahi kuwa mlango mwepesi.

Katika Ukristo, Thomas wa Akwino wa karne ya 13 alieleza wizi kuwa ni kuchukua kwa siri kitu cha mwingine. Akaongeza kwamba katika dhiki kubwa vitu vyote ni vya wote, na mwenye njaa anayechukua chakula hajafanya wizi. Hoja ya dhiki haiufikii wimbo, kwa kuwa hakuna anayekufa kwa kukosa kuusikiliza. Lakini anayenakili hamwondolei mwenyewe kitu, hivyo maelezo yenyewe ya wizi hayamwenei. Zamani zaidi, simulizi ya Ireland inamtaja Mtakatifu Columba, aliyenakili kwa siri kitabu cha Zaburi cha mwalimu wake Finnian katika karne ya 6. Shauri likapelekwa kwa Mfalme Diarmait, naye akahukumu kwamba nakala ni ya mwenye kitabu, kama ndama alivyo wa mwenye ng'ombe. Columba hakukubali, na simulizi inaihusisha hukumu hiyo na vita vya mwaka 561. Hukumu ya mfalme ina mvuto kwa yeyote aliyekulia kwenye mifugo, lakini ina shimo: ndama huzaliwa kwa mwili na malisho ya ng'ombe, ilhali nakala ya Columba ilizaliwa kwa wino wake, ngozi yake na usiku wake wa kukesha. Kitabu cha Finnian hakikupungua hata herufi moja.

Sheria za dola nazo zimelikwepa neno wizi. Mwaka 1985, katika shauri la Dowling, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba santuri za Elvis Presley zilizotengenezwa bila idhini hazikuwa bidhaa zilizoibwa kwa maana ya sheria ya kusafirisha mali ya wizi. Zilikuwa zimevunja hakimiliki, kosa lenye jina lake na adhabu yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zinafuata mpango huohuo: mtunzi ana haki katika kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kisha kazi inakuwa ya umma. Hakuna mali ya kawaida inayokoma hivyo. Shamba na nyumba hurithiwa vizazi na vizazi. Kuwekewa ukomo kunaonyesha kwamba watunga sheria walijua wanalinda kitu kisichokuwa mali kamili.

Hoja ya wanaosema elimu na sanaa haviuzwi

Upande wa pili una hoja yenye mizizi mirefu. Wanazuoni wa Kikristo wa Zama za Kati walikuwa na msemo kwamba elimu ni zawadi ya Mungu, hivyo haiwezi kuuzwa. Thomas Jefferson, katika barua ya mwaka 1813, alieleza kuwa wazo likishatolewa hadharani kila mtu anaweza kuwa nalo bila kumpunguzia aliyelitoa. Pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Tenzi za kale zilifika kwa wasomaji wa leo kwa mikono ya wanakili. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga nakshi na mwanamuziki, na aliwanakilia kwa hati nzuri za Kiarabu watafiti kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Sehemu ya hati zake imehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Bila wanakili wa aina yake, kazi nyingi zingeliwa na mchwa na unyevu wa bahari. Kwa fasihi ya Kiswahili, kunakili kulikuwa uhai.

Hoja hii husikika leo kwa nguvu zaidi katika muziki wa dini. Kanda nyingi za mawaidha zimesambazwa kwa nia ileile ya kuenezwa, na msikilizaji anayemtolea jirani yake nakala huhesabu kuwa anapata thawabu. Waumini wa makanisa nao hurushiana nyimbo za kwaya kwa simu baada ya ibada, na anayeulizwa hujibu kuwa neno la Mungu halina bei: lilipokewa bure, litolewe bure. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimalizi jambo. Neno ni la Mungu, ila sauti, kinanda, nauli ya wanakwaya na saa za studio ni za watu. Paulo mwenyewe, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, alitetea haki ya mhubiri kuishi kwa Injili, kisha akachagua kutoitumia haki hiyo. Uchaguzi ulikuwa wake. Sadaka hutolewa na mwenye mali, haichukuliwi na mpokeaji. Sheikh au kwaya inayotangaza kwamba kazi yake inakiliwe bila malipo imetoa sadaka. Yule asiyetangaza hajaitoa, na msikilizaji hana mamlaka ya kuitoa kwa niaba yake.

Programu za kubadili video zenyewe ni mfano wa sadaka iliyotolewa kwa masharti. FFmpeg hutolewa bure, na yeyote anaweza kuitumia, kuinakili na kuibadili, mradi atimize masharti ya leseni yake, likiwamo la kutowaficha wengine msimbo wa zana hizo. Waislamu wataitambua sura ya wakfu hapo: anayefaidika na wakfu hufuata sharti la aliyeuweka. Zimekuwapo kampuni zilizoichukua kazi hiyo, zikaifungasha upya kwa jina jingine na kuiuza bila kutimiza masharti, na waundaji wake wakalalamika hadharani. Hata watu waliogawa jasho lao bila kudai senti waliona kwamba wamedhulumiwa, ingawa hakuna faili iliyotoweka kwenye kompyuta zao.

Jina la mtunzi

Immanuel Kant aliliendea suala hili kwa njia nyingine. Katika insha ya mwaka 1785 kuhusu uchapaji wa vitabu bila idhini, hakuanza na mali. Alisema kitabu ni hotuba ambayo mwandishi anautolea umma, na mchapaji ni mtu anayeifikisha kwa jina la mwandishi. Anayechapa bila idhini anasema kwa jina la mtu ambaye hakumtuma. Kosa lake ni kujitwalia uwakilishi. Kwa hoja hiyohiyo, Kant aliona tafsiri si kosa la namna hiyo, kwa kuwa mfasiri hatoi tena hotuba ileile ya mwandishi.

Hoja ya Kant inaangaza jambo ambalo Waswahili wanalijua vizuri. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, msimulizi maarufu kwa jina la Lufufu alichukua filamu za nje, akapunguza sauti za filamu hizo na kuziwekea simulizi ya Kiswahili juu ya picha. Alieleza visa, akaongeza utani, akawapa wahusika tabia ambazo mtazamaji wa Manzese au Temeke angezitambua. Nchini Kenya, DJ Afro amejipatia jina kwa kazi ya aina hiyo, na Uganda wasimulizi wa video ni watu mashuhuri. Kwa kipimo cha hakimiliki, picha zilizotumika ni za wengine na idhini ndiyo jambo la kwanza kuuliza. Kwa kipimo cha Kant, msimulizi anayetaja wazi kwamba simulizi ni yake anasema kwa jina lake mwenyewe, na watu humfuata kwa ajili ya sauti yake. Kazi yake inastahili kuitwa utunzi. Hata hivyo utunzi wake umesimama juu ya utunzi mwingine, na kuwa mtunzi hakumfutii anayodaiwa.

Jina lina uzito wake hata pasipo fedha. Watunzi wa tenzi waliweka majina yao katika beti za mwisho ili msomaji ajue amwombee nani. Faili ya muziki inayozunguka ikiwa imeandikwa "Track 03" imelifuta jina hilo. Tena huu ndio upotevu unaotokea bila mtu yeyote kukusudia: nyimbo hubadilishwa fomati, zikapoteza maelezo yake, na kizazi kinachofuata kikaimba beti za mtu kisiyemjua.

Ujira na tuzo

Kiini cha deni, hata hivyo, ni jasho. Katika onyesho la taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akacheza taratibu hadi mbele, akamkabidhi mwimbaji noti au akamwekea mahali pake, kisha akarudi kitini. Hakuna mlinzi anayemlazimisha. Fedha hiyo haikukadiriwa na mtu, wala haimnunulii wimbo. Ni kukiri hadharani kwamba amepokea kitu. Mcheza kwao hutunzwa, na anayetuza huonwa na watu wote kuwa amelipa haki. Rekodi iliukata uhusiano huo wa ana kwa ana, kwa kuwa mwimbaji hamwoni tena anayemsikiliza. Mirabaha na hakimiliki ni jitihada ya kuuunga upya kwa karatasi. Nakala isiyo na idhini huukata tena, na safari hii hakuna kinachobaki kuuunga isipokuwa dhamiri ya msikilizaji.

Dini zote mbili zinaliona jambo hili kuwa zito. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inaamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na Waraka wa Yakobo unaonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia mbele ya Mungu. Fikra ya Ujamaa nayo, ambayo haikupenda umiliki binafsi wa njia kuu za uchumi, ilisimama mahali hapohapo: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililaani unyonyaji, yaani mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Kwa hiyo hata anayeamini kwamba nyimbo ni za wote hawezi kuhalalisha kibanda kinachouza flashi zilizojaa kazi za wasanii ambao hawajawahi kupata chochote humo. Mwenye kibanda anapata, mnunuzi anapata, na aliyetoa jasho ndiye pekee asiyepata. Huo ni unyonyaji kwa kipimo chochote.

Haki za aliyenunua

Deni halidaiwi upande mmoja tu. Aliyenunua wimbo au filamu kwa haki naye anastahili kufaidi alichokilipia, na historia inaonyesha dola zikiyumba katika hili. Mwaka 1984, katika shauri la Betamax, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa. Ujerumani ilikuwa imepata njia ya kati tangu mwaka 1965: nakala ya matumizi binafsi iliruhusiwa, na tozo ikawekwa kwenye vyombo vya kurekodia ili watunzi wapate fungu lao. Uingereza ilihalalisha mtu kunakili CD yake mwenyewe kwa matumizi yake mnamo Oktoba 2014, lakini mahakama ikaifuta kanuni hiyo mwaka uliofuata, kwa sababu serikali haikuthibitisha vya kutosha kwamba watunzi wasingepata hasara. Mwingereza aliyehamisha CD aliyoinunua kwenda kwenye simu yake alikuwa na sheria upande wake kwa miezi michache tu.

Norway ilitoa mfano ulio wazi zaidi. Jon Lech Johansen alikuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1999 alipohusika kutoa programu ya kufungua kufuli ya DVD. Alishtakiwa, na mahakama ikamwachia huru mwaka 2003 katika ngazi mbili, ikieleza kuwa aliyenunua diski kihalali ana haki ya kukifikia kilichomo. Uamuzi huo unalingana na maadili ya biashara kila mahali. Muuzaji akishapokea bei, hawezi kumwekea mnunuzi kizuizi kinachomnyima manufaa ya alichouziwa. Kufuli inayomzuia mkazi wa Mombasa kutazama diski aliyoilipia London haimlindi msanii yeyote, kwa kuwa msanii amekwisha kulipwa. Kuibadili diski hiyo fomati ili ichezwe nyumbani hakumwachii mtu yeyote deni, hata pale sheria ya nchi fulani inapokataza.

Wajibu wa kuhifadhi

Liko pia deni la jamii kwa vizazi vijavyo. Bendi nyingi za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970, kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu kubwa za sumaku. Tepu hizo huzeeka: gundi inayoshikilia sumaku hulegea, utepe hukatika, na mashine za kuzicheza zinazidi kuadimika. Tepu isiyonakiliwa hufa pamoja na sauti iliyomo. Katika hali hiyo kunakili ni wajibu, na taasisi inayozifungia kabatini rekodi zinazooza kwa kuhofia hakimiliki inawadhulumu waimbaji wenyewe, ambao kilichobaki kwao ni kusikika.

Huduma za kusikiliza kupitia intaneti zimepunguza haja ya kunakili. Spotify ilifika Kenya na Tanzania mwaka 2021, na majukwaa kama Boomplay na Mdundo yalikuwa yametangulia kuwafikia Waafrika wengi kwa muziki wa bei nafuu au unaolipiwa na matangazo. Njia hii inarudisha malipo kwa msanii, ingawa kwa senti ndogondogo. Lakini msikilizaji wa namna hii hamiliki kitu. Mkataba baina ya jukwaa na kampuni ya muziki ukivunjika, wimbo hutoweka usiku mmoja katika simu za watu wote. Utamaduni unaotegemea majukwaa peke yake umeweka kumbukumbu yake mikononi mwa mikataba isiyouhusu.

Hukumu

Kutokana na yaliyoelezwa, kunakili si wizi kwa maana kamili ya neno hilo, si katika fikihi, si kwa kipimo cha Thomas wa Akwino, wala katika sheria za dola zilizotajwa. Uhalali wake hupimwa kwa deni linaloachwa. Anayejitengenezea nakala ya alichokilipia, au anayekibadili fomati ili akitumie, hadaiwi. Anayehifadhi rekodi inayokaribia kupotea anadaiwa jambo moja, nalo ni kulihifadhi jina la mtunzi pamoja na sauti yake. Anayetumia kazi ya mwingine kutunga ya kwake anadaiwa idhini na shukrani. Anayesikiliza bila kulipa ilhali ana uwezo anadaiwa ujira, na deni hilo halifutwi na kutojulikana kwake. Anayeuza nakala za jasho la wengine ni mdhulumaji, hata kama hakuvunja kufuli ya mtu.

Msikilizaji anayetaka kuwa salama mbele ya Mungu na mbele ya watu ana njia iliyo wazi. Kwa kila wimbo alionao kwenye simu, ajiulize ni nani aliyeuimba na ni kwa njia gani amemlipa. Asipopata jibu, anunue kazi ya msanii huyo, aende kwenye onyesho lake na kumtuza, au aisikilize kupitia njia inayomfikishia chochote. Deni la kutojua halina aibu. Deni linalojulikana na kuachwa kwa makusudi ndilo litakaloulizwa.